Nyumba ya Albert Parsons na gharama ya saa nane za kazi

Jumatano ya Novemba 9, 1887, zikiwa zimebaki siku mbili anyongwe, Albert Parsons aliwaandikia barua wanawe wawili kutoka selo ya gereza la Kaunti ya Cook, mjini Chicago. Albert mdogo alikuwa na miaka minane. Dada yake, Lulu Eda, alikuwa na sita. Katika barua hiyo fupi baba anakiri kwamba machozi yanadondokea majina yao pale pale anapoyaandika. Anawaambia hawataonana tena. Anawaeleza kuwa mtu huishi kwa ajili ya anaowapenda, na ikibidi hufa kwa ajili yao. Anawahusia wampende na kumtii mama yao, wawe wachapakazi na wachangamfu. Mwisho anawaomba waisome barua hiyo kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake.

Lulu aliifikia kumbukumbu moja tu.

Katika historia ya vyama vya wafanyakazi, Parsons ni mtu wa jukwaani. Anakumbukwa kwa hotuba, kwa mgomo wa saa nane na kwa kitanzi cha Chicago, ambacho hatimaye kilitupatia Mei Mosi. Yote hayo ni kweli. Lakini alikuwa pia mume na baba, na gharama ya alichokipigania iliingia ndani ya nyumba yake ikakaa humo zaidi ya miaka hamsini baada yake. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, kwa sababu naamini kila mfanyakazi anayetoka kazini jua lingalipo, akarudi kwa wanawe, anaidai familia hii shukrani.

Parsons alizaliwa Montgomery, Alabama, katika miaka ya 1840, mmoja wa watoto kumi. Mama yake alifariki akiwa mdogo sana na baba akafuata miaka michache baadaye. Kaka yake mkubwa, William, mhariri wa gazeti huko Texas, ndiye aliyemchukua. Aliyemlea hasa, hata hivyo, ni mwanamke mtumwa wa nyumba ya kaka yake ambaye Albert alimwita Shangazi Ester. Alishinda naye, akalelewa mikononi mwake, na hakuwahi kumsahau.

Bado mtoto, alipelekwa Galveston kujifunza kazi ya uchapaji katika gazeti la mji huo. Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikazuka, naye kama vijana wengi wa Kusini akakimbilia jeshini, upande wa mabwana wa watumwa. Kwanza alikuwa kwenye mizinga, kisha akaingia kikosi cha wapanda farasi kilichoongozwa na kaka yake William. Vita ilipokwisha alirudi Waco akiwa na nyumbu mmoja. Akambadilisha nyumbu huyo kwa ekari 40 za mahindi yaliyokomaa, akaajiri watu waliokuwa ndio kwanza wametoka utumwani wamsaidie kuvuna, akawalipa. Parsons mwenyewe aliandika kwamba ule ulikuwa ujira wa kwanza walioupokea maishani mwao. Kwa faida ya mahindi hayo alijisomesha miezi sita katika Chuo Kikuu cha Waco.

Akaanzisha gazeti dogo, Spectator, na humo akawataka wenzake wakubali kwamba vita imekwisha na mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Waliopigana naye bega kwa bega wakamgeuka. Alipoeleza baadaye kwa nini alichukua msimamo huo, alimtaja Shangazi Ester, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, na heshima aliyokuwa nayo kwa kumbukumbu yake. Mimi naiamini sababu hiyo kuliko nadharia zote alizokuja kuzisoma baadaye Chicago. Kijana wa miaka ya ishirini haachani na rafiki zake wote kwa sababu ya kitabu. Huachana nao kwa ajili ya mtu.

Huko huko Texas akakutana na Lucy.

Maisha yake yote Lucy Parsons alisema kwamba damu yake ilikuwa ya Mexico na ya wenyeji asilia wa Amerika, na alikana kabisa asili ya Kiafrika. Mwanahistoria Jacqueline Jones, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, ameonyesha kwamba Lucy alizaliwa utumwani huko Virginia mwaka 1851, akahamishiwa Texas na bwana wake wakati wa vita. Sioni sababu ya kumlaumu kwa kuificha habari hiyo. Sheria ya Texas ilikataza ndoa kati ya mzungu na mtu mweusi, na waliovunja mwiko huo walihatarisha maisha yao. Walioana mwaka 1872, katika kipindi kifupi ambacho wapinzani wa utumwa walishika serikali ya jimbo. Mwaka uliofuata upepo wa siasa ukageuka, wao wakafunga virago wakaelekea kaskazini.

Chicago ya 1873 ilikuwa inajijenga upya baada ya moto mkubwa wa miaka miwili nyuma, na mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaporomoka. Albert alipata kazi ya kupanga herufi katika gazeti la Chicago Times na kujiunga na chama cha wachapaji, tawi namba 16. Mpanga herufi wa wakati huo alisimama kutwa mbele ya kasha la herufi za risasi, akiziokota moja moja kwa vidole na kuzipanga kinyumenyume ndani ya kipande cha chuma alichokishika kwa mkono wa kushoto. Kila neno la gazeti lilipita mikononi mwake kabla halijamfikia msomaji. Haishangazi kwamba viongozi wengi wa wafanyakazi wa karne ile walitoka kwenye chapa. Walikuwa wanasoma huku wakifanya kazi.

Julai 1877 wafanyakazi wa reli waligoma nchi nzima kwa sababu ya kukatwa mishahara. Parsons alihutubia maelfu ya watu mjini Chicago, akawasihi wajiunge na vyama na wadai haki yao bila fujo. Kesho yake alipofika kazini alikuta jina lake limefutwa. Siku hiyo hiyo alichukuliwa hadi makao makuu ya jiji, akahojiwa mbele ya mkuu wa polisi na kundi la matajiri, akaambiwa ahame mji, kwani kulikuwa na watu tayari kumning'iniza kwenye nguzo ya taa. Hakuna gazeti lililomwajiri tena kazi ya kupanga herufi kwa muda mrefu baada ya hapo.

Hapo ndipo nyumba iliponing'inia kwenye sindano ya Lucy. Alifungua biashara ya ushonaji, akashona nguo za wanawake na watoto, na mumewe aliyefukuzwa kazi akawa anamtafutia wateja. Albert mdogo alizaliwa mwaka 1879, Lulu mwaka 1881, wote katika miaka ambayo baba hakuwa na kazi ya kudumu na mama alikuwa hatui kitambaa. Bado wote wawili walipata muda wa mikutano. Albert alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor, aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Chicago, na alikuwa katibu wa umoja uliodai siku ya kazi iwe ya saa nane. Lucy alikuwa anawaunganisha washonaji wenzake.

Ni vizuri kusema wazi kwamba hawakubaki pale pale kimawazo. Albert aligombea nafasi za kisiasa mara kadhaa akashindwa, akaona kura zikichezewa, akaona polisi wakivunja mikutano kwa marungu na bunduki. Kufikia 1883 yeye na Lucy walikuwa waanakisti, watu walioamini kwamba serikali yenyewe ni chombo cha wenye mali na haina budi kuondoka. Kuanzia Oktoba 1884 alihariri gazeti lao, The Alarm. Mlikuwa na maneno makali mno humo. Lucy aliandika makala akiwaita watu wasio na kazi wajifunze kutumia baruti. Nikiyasoma leo maneno hayo yananitisha, na sitaki kuyapamba. Walikuwa na hasira, na hasira ile ilikuja kutumiwa kama kamba ya kuwanyongea watu ambao hawakutupa bomu lolote.

Mei 1, 1886 ilikuwa siku iliyopangwa na vyama kwa ajili ya kudai saa nane. Nchi nzima wafanyakazi wapatao laki tatu waliweka zana chini. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu chake, ikiwa na wagomaji makumi ya maelfu, na siku ilipita salama. Parsons akapanda treni kwenda Cincinnati kuhutubia. Akiwa huko, Mei 3, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi nje ya kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick na kuua. Mkutano wa kulaani mauaji hayo uliitishwa kesho yake jioni karibu na soko la Haymarket.

Jioni ya Mei 4 naiona kama jioni ya kawaida ya familia iliyozoea mikutano. Parsons alikuwa ametoka safarini asubuhi ile. Yeye na Lucy waliwachukua watoto wakaenda ofisini kwenye kikao kidogo cha kuwaunganisha wanawake washonaji. Wakiwa hapo akaja mjumbe kutoka Haymarket kusema kwamba wasemaji ni wachache. Wakaondoka wote, na watoto pamoja nao. Parsons alipanda kwenye gari la mizigo lililofanywa jukwaa, akazungumza karibu saa nzima kuhusu mishahara na saa za kazi. Meya wa jiji, Carter Harrison, alikuwepo, akasikiliza, akaona hakuna hatari, akaenda zake. Kisha wingu la mvua likatanda na upepo wa baridi ukavuma. Parsons akapendekeza wahamie ukumbini kwa sababu ya wanawake na watoto, na yeye akatangulia na familia yake hadi ukumbi wa Zepf, mwendo mfupi kutoka pale.

Walikuwa ndani ya ukumbi huo, kwenye saa nne na nusu usiku, polisi 176 walipowasili kuwatawanya watu wachache waliobaki. Mtu ambaye mpaka leo hajulikani akarusha bomu. Polisi wakaanza kufyatua risasi ovyo gizani. Askari saba walikufa, na raia wasiopungua wanne.

Usiku ule ule Lucy na marafiki walimsihi Albert aondoke. Alijificha kwanza Geneva, nje kidogo ya Chicago, kisha Waukesha katika jimbo la Wisconsin, ambako alifuga ndevu na kufanya kazi ya useremala na kupaka rangi nyumba. Hakuna aliyemtambua, na angeweza kubaki huko au kuvuka mpaka. Juni 21, siku kesi ya bomu lile ilipofunguliwa, aliingia mahakamani mwenyewe kwa miguu yake akiwa na wakili wake, Kapteni William Black, akajisalimisha mbele ya Jaji Joseph Gary akae na wenzake saba walioshtakiwa. Aliamini kwamba mtu asiye na hatia hawezi kuhukumiwa.

Watu 12 wa kuamua kesi walitokana na orodha iliyoteuliwa kwa mkono na ofisa wa mahakama, na baadhi yao walikiri tangu mwanzo kwamba walikuwa na chuki na washtakiwa. Upande wa mashtaka haukuthibitisha ni nani aliyerusha bomu wala kumuunganisha na washtakiwa. Walihukumiwa kwa maneno waliyoyasema na kuyaandika. Agosti 20 saba wakapewa hukumu ya kifo na mmoja, Oscar Neebe, miaka 15 gerezani.

Siku hiyo hiyo Albert alimwandikia mkewe. Humo alimwambia kwamba anamwachia urithi umma, yeye aliye mwanamke wa umma. Nimelifikiria sana jambo hili. Ni neno la heshima kubwa kutoka kwa mume, lakini mtu akishakabidhiwa umma, watoto wake wanabaki kwa nani? Lucy alilipokea kama amri. Kwa miezi mingi alizunguka Marekani akihutubia na kuchangisha fedha za rufaa, huku magazeti yakimtukana kwa rangi yake na polisi wakifunga kumbi alizokodi. Machi 1887 alitiwa mahabusu Columbus, Ohio. Watoto walikuwa wakibaki mikononi mwa marafiki.

Nduguye William, yule kamanda wa zamani wa jeshi la Kusini, alisimama upande wa mdogo wake kwa kauli na kwa maandishi. Hilo halikuwa dogo kwa mtu wa historia yake.

Rufaa zote zilishindwa. Kikabaki kitu kimoja, kumwomba gavana Richard Oglesby huruma. Samuel Fielden na Michael Schwab waliomba, wakapunguziwa hadi kifungo cha maisha. Wengi waliamini Parsons naye angeokoka kama angetia sahihi. Alikataa. Alisema hana kosa, na kwamba akijitenga na wale ambao hawatasamehewa atakuwa amewafunga kitanzi kwa mkono wake. Badala yake alimwandikia gavana maneno mazito: kama kuwepo kwake Haymarket ni kosa la kufa, basi aongezewe muda ili mkewe na watoto wake wawili, ambao nao walikuwepo, washitakiwe na kunyongwa pamoja naye.

Usiku wa mwisho wafungwa walimsikia akiimba Annie Laurie, wimbo wa mapenzi wa Waskoti.

Asubuhi ya Ijumaa, Novemba 11, Lucy alikwenda gerezani akiwashika mkono Albert mdogo na Lulu, akifuatana na rafiki yake Lizzie Holmes. Usiku alikuwa ameahidiwa kwamba asubuhi ataruhusiwa kuagana na mumewe. Mitaa yote ya jirani ilikuwa imezungushiwa kamba na askari wenye bunduki. Kila kona aliyofika aliambiwa aende nyingine. Alipojaribu kupita kwa nguvu, wote wanne walikamatwa, wakapelekwa kituo cha polisi cha Chicago Avenue, wakavuliwa nguo zote na kupekuliwa, hata watoto, eti wakitafutiwa mabomu. Wakafungiwa humo. Kabla kidogo ya saa sita mchana Parsons, August Spies, Adolph Fischer na George Engel walisimamishwa kwenye jukwaa la kunyongea. Parsons alikuwa bado anazungumza sakafu ilipofunguka chini ya miguu yao. Louis Lingg, mwenzao wa tano, alikuwa amejiua selo siku moja kabla. Lucy alipewa habari akiwa mahabusu, na hakuachiwa mpaka alasiri.

Walizikwa makaburi ya Waldheim, nje ya mji, Jumapili iliyofuata. Oktoba 1889 Lulu Eda aliugua akafa, akiwa na miaka minane, akazikwa huko huko kwa baba yake. Mwaka huo mama yake alitoa kitabu cha maisha ya Albert, akawa anakiuza mwenyewe mikutanoni. Mwaka huo pia, mjini Paris, wajumbe wa vyama vya kisoshalisti walikubaliana kwamba Mei 1, 1890 iwe siku ya wafanyakazi duniani kote. Marekani yenyewe ilichagua Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sheria ya 1894, na kuiachia Mei Mosi dunia nyingine. Gavana John Peter Altgeld alikuwa ameshawasamehe Fielden, Schwab na Neebe tangu Juni 1893, na kuandika bayana kwamba kesi haikuwa ya haki. Hakukuwa na namna ya kuwasamehe waliokwisha kunyongwa.

Sasa nifike mahali pagumu. Albert mdogo alikua akiwa mtoto wa shujaa, jambo ambalo hakuliomba. Alikuwa kijana mtulivu, na wakati wa vita ya Marekani na Hispania alitaka kuwa mwanajeshi. Kwa mama yake, ambaye aliliona jeshi kama marungu ya matajiri, huo ulikuwa usaliti wa kaburi la Waldheim. Wakagombana. Mwaka 1899 Lucy alimpeleka mwanawe mahakamani, akadai amemtishia maisha na kwamba hana akili timamu. Kijana akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Elgin. Hakutoka tena. Alifia humo kwa kifua kikuu mwaka 1919, baada ya miaka 20.

Wapo waandishi wanaolipita jambo hili kwa haraka kwa sababu wanampenda Lucy. Nami namheshimu sana, lakini siwezi kulipita. Mtoto aliyevuliwa nguo na polisi akiwa na miaka minane ili asimuage baba yake alifungiwa mara ya pili na mama yake mwenyewe. Wala siamini kwamba Lucy alikuwa mtu mwenye moyo wa jiwe. Naona mwanamke aliyekabidhiwa umma, akautumikia mpaka hakubakiwa na nafasi ya mtu mmoja aliyefikiri tofauti naye ndani ya nyumba yake. Waliomnyonga Albert ndio walioanza kuivunja nyumba ile, ila kipande cha mwisho alikivunja Lucy.

Na aliendelea kuutumikia umma. Mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wafanyakazi cha IWW mjini Chicago. Januari 1915 aliongoza maandamano ya watu wasio na kazi na wenye njaa kutoka Hull House, kituo cha huduma kwa maskini mjini humo, akakamatwa tena, akiwa na miaka zaidi ya 60. Katika siku hizo hizo, katika mji huo huo, mwanachama wa IWW Ralph Chaplin alikamilisha mashairi ya Solidarity Forever. Huo ndio wimbo ambao wafanyakazi wa Tanzania huuimba kila Mei Mosi wakiwa wameshikana mikono, na rais wa nchi akiwa amesimama nao.

Hata macho yalipokaribia kumwishia Lucy hakuacha jukwaa. Mwaka 1941 alisema na wagomaji wa International Harvester, kampuni iliyotokana na ile ya McCormick ambayo nje ya kiwanda chake risasi zililia miaka 55 nyuma. Machi 7, 1942 nyumba yake ya North Troy Street iliungua, naye akafia ndani. Mwenzake, George Markstall, aliyejaribu kumwokoa, alifariki kesho yake. Wote walizikwa Waldheim. Katika nyumba hiyo Lucy alikuwa ameweka maktaba kubwa ya vitabu na karatasi za maisha yake na ya Albert. Moto haukuviteketeza vyote. Marafiki zake walipokwenda kuvichukua vilivyosalia walikuta polisi wameshavibeba, vikakabidhiwa kwa FBI, na havikurudishwa.